Redio ya Ridhaa Nyumbani: Lalamiko la Mwenzi Lishughulikie Kama Hitilafu

Anayeanza redio ya ridhaa (kuwasiliana kwa redio na watu wa mbali kwa kujifurahisha, si kwa biashara) hujiandaa kwa mtihani, leseni (TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya) na antena. Swali la sebuleni humkuta hana jibu: "Mbona sabufa inakoroma ukiongea?" Swali hilo linataka jibu la fundi, na likijibiwa wiki ileile, mambo mengine ya redio ndani ya nyumba huwa mepesi kuzungumzika.

Sabufa inakoroma kwa sababu waya za spika zimegeuka antena, na amplifaya iliyo ndani inayageuza mawimbi yako kuwa sauti. Ukitumia SSB, yaani namna ya kurusha sauti inayotumika sana kwenye redio ya ridhaa, wa nyumbani watasikia kama mtu anaongea amejifunika shuka. Ukitumia FT8, ujumbe mfupi wa kompyuta unaorushwa kwa redio, watasikia kishindo unapoanza kurusha na unapokoma. Kwanza shusha nguvu kutoka wati 100 hadi 10, usiendelee kurusha huku wenzako wanavumilia. Kisha tafuta pete ya ferite (madini ya sumaku yanayozuia mawimbi kupita kwenye waya) ya mchanganyiko namba 31, ile kubwa iitwayo FT240-31, uzungushe waya ya spika mara 8 hadi 10 ndani yake, karibu kabisa na amplifaya. Vile vibanio vidogo vya ferite vinavyobanwa juu ya waya mara moja havisaidii kitu kwenye masafa ya 7 MHz. Kizuizi huongezeka kwa mraba wa mizunguko: mizunguko 10 kwenye pete moja ni sawa na kupitisha waya mara moja kwenye pete 100 za aina hiyo. King'amuzi kikiganda, fanya vivyo hivyo kwenye waya wake wa umeme na wa dishi.

Pete nyingine iweke pale kebo inapokutana na antena, mizunguko 10 hadi 12 ya RG-58, yaani kebo nyembamba ya antena. Bila hiyo, ganda la nje la kebo hubeba mawimbi mpaka chumbani, na unaposikiliza hukuletea kelele za taa za LED, chaja za simu na kidhibiti cha sola. Kuisaka kelele hiyo, iwashe redio kwa betri, zima swichi kuu ya nyumba, kisha rudisha saketi moja baada ya nyingine huku ukitazama kipimo cha mawimbi. Kazi hii inazima friji na televisheni, kwa hiyo omba muda mapema, na kamwe usiifanye wakati wa mechi au tamthilia.

Antena nayo ina ugomvi wake. Antena ya waya mbili, ambazo kwa pamoja ni nusu ya wimbi, kwa 7.1 MHz ni takriban mita 10 kila upande. Kata mita 10.3, pima SWR (kipimo cha nguvu inayorudi badala ya kutoka kwenye antena), punguza sentimita 10 kila upande kwa hatua. Kila hatua hupandisha masafa kwa kama 70 kHz. Katikati inyanyue mita 7 au 8 kwenye bomba au mnazi. Ncha zisishuke chini ya mita 3. Waya uliofika usawa wa mkono ni kamba ya kuanikia nguo machoni pa kila mtu wa nyumba, nao wana haki ya kudhani hivyo. Tena kwenye ncha ndiko volti zilipo juu kabisa: wati 100 huunguza kidole, na kidonda cha namna hiyo huingia ndani na huchelewa kupona. Ncha zifunge kwa kamba ya nailoni, na usizipitishe juu ya mahali watoto wanapochezea.

Muda ndio mgumu zaidi, maana hapa pete hazisaidii. Kwa Afrika Mashariki, 14 MHz kwenda Ulaya hunoga kuanzia alasiri hadi mapema usiku, na 7 MHz hufunguka mbali giza likiingia. Hizo ni saa za maghribi, chakula cha usiku na daftari za watoto. Chagueni pamoja jioni mbili za redio kwa wiki, na jioni zilizobaki zisiguswe hata kama kituo cha kisiwa adimu, kisichosikika mara nyingi, kiko hewani. Usiseme "dakika tano" ukiwa kwenye mazungumzo ya watu wengi, kwa kuwa zamu yako huijui. Maungano ya FT8 huchukua kama dakika moja na nusu, hilo unaweza kuliahidi. Mashindano ya CQ WW ya sauti, ya dunia nzima ya redio ya ridhaa, wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba, huanza kwetu saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi na kwisha saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Yaandike kwenye kalenda ya nyumba tangu Januari, kabla arusi za watu hazijapangwa. Usiku tumia hedifoni, na ujue kwamba sauti yako mwenyewe hupanda ukizivaa.

Kwenye bajeti, onyesha gharama yote kwa pamoja: redio, pawasaplai ya volti 13.8 yenye ampea zaidi ya 20, kebo, viunganishi, leseni, na ushuru kama mzigo unatoka nje. Gharama inayochomoza kidogokidogo ndiyo inayovunja imani. Mweleze pia mwenzako kwamba 73 ni salamu za kawaida na 88 ni mapenzi na mabusu, kabla hajaisoma namba hiyo kwenye kadi ya kuthibitisha maungano iliyotoka ughaibuni.

Watoto waanzishe kwa kusikiliza kituo cha anga cha kimataifa: 145.800 MHz FM, redio ya mkononi, uwanja wazi. Kikipita juu hudumu kama dakika 10, na si kila mpito una sauti, kwa hiyo waambie hivyo kabla hamjatoka nje.

Masika yakianza, ngurumo ya kwanza ikisikika mbali, kebo ichomolewe na kutolewa nje ya dirisha. Kila mtu mzima wa nyumba ajue swichi ya pawasaplai ilipo, kwa sababu siku ya radi huenda wewe uko kazini.