Gemu za AFL: ununue ipi, na mtu wa soka ataelewaje mchezo wenyewe

Mkuu, nimekuelewa hivi: mpwa wako kahamia Melbourne, Australia, na wazazi wake, wenzake shuleni habari ni AFL tu, yaani ligi ya soka la Kiaustralia, naye keshaanza kuicheza kwenye gemu. Wewe uko Dar na PS4 yako, unataka mcheze pamoja, ila hujui ununue ipi wala kama mtu aliyekulia kwenye gemu za soka, FIFA na PES, ataambulia kitu. Mimi naishi huku Melbourne, gemu hizi ndizo za sebuleni kwangu, na wageni wengi kutoka nyumbani nimewafundisha hapo hapo kwenye kochi. Ngoja nikujibu kwa kirefu.

Kwanza mchezo. Uwanja una umbo la yai, na vipimo vyake havifanani kutoka mji hadi mji. Wanaingia wachezaji 18 kwa 18. Kila upande kuna nguzo nne: mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya zile mbili ndefu, ni goli, pointi 6. Ukipita kati ya ndefu na fupi ya pembeni, pointi 1. Kwa hiyo ukiona kwenye skrini 12.8 (80), maana yake magoli 12, pointi za pembeni 8, jumla 80. Hakuna ofsaidi. Kutupa mpira kwa mkono ni marufuku; unaupiga kwa mguu, au unaushika kwa mkono mmoja na kuupiga ngumi kwa mwingine. Ukikimbia nao, kila mita 15 lazima uudundishe au uuguse chini.

Sasa kiini chake, na hapa ndipo ninapoipimia gemu yoyote ya AFL: maki. Mpira ukipigwa kwa mguu ukasafiri angalau mita 15, ukaudaka safi kabla haujaguswa na mtu wala kugonga chini, refa anapuliza filimbi. Hakuna wa kukukaba tena. Adui anasimama pale ulipodakia, wewe unarudi nyuma hatua zako na kupiga kwa utulivu. Ukiwa karibu na goli unapewa sekunde 30. Mechi ya AFL, kwa maoni yangu, ni kutafuta maki moja baada ya nyingine mpaka uifikie iliyo mbele ya nguzo.

Vijana wa soka wanakwama hapo. Wakipata mpira wanaanza kukata chenga kama wako na Messi. Hatua nne, wamekabwa, wameangushwa na mpira mikononi, filimbi, mpira wa adui. Sheria iko hivyo kweli: ukipata nafasi ya kuuachia usiuachie, kisha ukakamatwa nao, ni faulo yako. Nikimfundisha mgeni namwambia asiguse kabisa kitufe cha kukimbia kwa robo nzima ya kwanza. Apokee, ainue macho, amtafute mwenzake aliye peke yake, ashikilie kitufe mpaka nguvu itoshe, aachie. Akizidisha, mpira unapita juu ya kichwa cha mwenzake. Akipunguza, beki anauwahi. Akishaizoea nguvu ya mita 30 hivi, mchezo unamfungukia, na hapo huwa hataki tena kurudisha pedi.

Umeuliza pia kwa nini gemu za AFL ni chache na zinaonekana za bajeti ndogo. Ni kweli, na sababu ni za haki. Ligi ya kulipwa ya mchezo huu iko nchi moja tu duniani, Australia, na hata humo, miji ya Sydney na Brisbane ni ngome za raga. Halafu kazi yenyewe ni nzito: watu 36 uwanjani badala ya 22, kila mmoja akiamua aende wapi bila mstari wa ofsaidi wa kumpanga, na mpira wenye ncha mbili ambao ukidunda hakuna ajuaye unakokwenda. Tena watu wanarukiana mabegani kuugombea angani. Mimi nawaheshimu sana wanaojaribu.

Na wamejaribu zamani. Mwaka 1991 Beam Software ya Melbourne ilitoa Aussie Rules Footy kwenye NES, mashine ya gemu ya Nintendo, ikauzwa Australia tu. EA Sports nao waliingia na AFL 98 na AFL 99, zilizotengenezwa na Creative Assembly ya Uingereza, hao hao waliokuja na gemu za vita za Total War. Baada ya hapo kazi ilibaki kwa studio za Melbourne: IR Gurus miaka ya 2000, kisha Wicked Witch na Big Ant wakipokezana. AFL Live ya Big Ant, ya 2011 kwenye PS3 na Xbox 360, bado naipenda kuliko nyingi zilizofuata, kwa sababu kugombea mpira wa juu ndani yake kulikuwa na raha.

Kwa PS4 yako chagua kati ya mbili: AFL Evolution 2 ya Wicked Witch, 2020, au AFL 23 ya Big Ant. Mimi ningekwambia AFL 23. Wachezaji wanakwenda kama watu, na ligi ya wanawake imo pia, ambayo ni 16 kwa 16, hivyo uwanja una nafasi zaidi na mgeni anapumua. Kuna AFL 26 ya mwaka 2025 vilevile. Kabla hujatoa hela, muulize mpwa wako anacheza ipi na kwenye mashine gani, ununue hiyo hiyo. Na mjue kwamba kutoka Dar mpaka Melbourne ni mbali, intaneti itachelewa kidogo, na kwenye kugombea maki huo ucheleweshaji unaumiza. Mashindano ya kweli yasubiri akija likizo.

Ukiiwasha, chagua timu ya Port Adelaide. Wana beki anaitwa Aliir Aliir, Msudani Kusini aliyezaliwa Kakuma kule Kenya, akaletwa Australia akiwa mtoto. Mwaka 2021 aliingia kikosi bora cha ligi nzima. Kazi yake ni moja: adui anapiga mpira mrefu kuelekea goli, yeye anaacha mtu wake, anausoma ukiwa hewani, anaukata kwa maki. Mshike yeye. Usifuate mpira, kaa nyuma, angalia kinapotua kivuli cha mpira, ruka ukiwa umewahi nusu hatua. Kucheza beki kutakufundisha AFL haraka kuliko kufunga magoli.

Weka robo za dakika tano, hali ya hewa kavu, ugumu wa chini kabisa. Mvua iache kwanza, mpira uliolowa unaponyoka mikononi. Ukikwama kwenye kupiga goli kutoka pembeni niulize, ile ina utaalamu wake.