Krismasi na watoto wadogo: mti, betri na usingizi

Dada, umeuliza utafanyaje Krismasi nyumbani na mtoto wa miezi 10 na mwingine wa miaka 3 bila siku kuishia kwa vilio. Anza na mti. Mtoto anayejishikilia ili asimame atauvuta tu, kwa hiyo ufunge kwa kamba kwenye ndoano ya ukutani, au tumia mti mdogo juu ya kabati zito. Mapambo ya kioo yasitoke mwaka huu. Matawi ya chini yavike mapambo ya vitambaa. Kipimo cha vitu vidogo ni lile bomba la katikati ya karatasi ya chooni: kinachopenya humo kinaweza kumkaba mtoto.

Cha kuogopa zaidi ni betri za duara kama kifungo, zilizomo kwenye taa ndogo, kadi zinazoimba na midoli. Ikikwama kooni, huunguza nyama ndani ya saa 2. Kitu ambacho kifuniko chake cha betri hakifungwi kwa skrubu, kiondoe kabisa. Ukishuku amemeza, kimbilia hospitali bila kusubiri dalili, na usimtapishe.

Zawadi fungueni moja asubuhi, nyingine baada ya usingizi wa mchana. Zikifunguliwa zote kwa mkupuo, huyo wa miaka 3 atachoka na kuzitupa. Mdogo atapenda karatasi kuliko zawadi yenyewe. Mwache aichanechane, ila asiile.

Wageni waalike baada ya usingizi, si kabla. Hapo ndipo wengi hukosea: mtoto aliyerukishwa usingizi hatulii hata abebwe na nani.