Barua kwa Mwanangu Aliyenyamaza Wodini

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ulikosea kunyamaza siku ile daktari bingwa alipowaambia ninyi wanafunzi, mkiwa mmezunguka kitanda, kwamba wagonjwa weusi huvumilia maumivu kuliko wengine, kisha dozi ya dawa ya maumivu ya mgonjwa yule ikaachwa kama ilivyokuwa. Ulikosea, mwanangu, ingawa sikulaumu, kwa kuwa nami katika miaka yangu ya uuguzi nilinyamaza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Usidhani kauli ile ni kasoro ya mtu mmoja. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walieleza kwamba takriban nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari wazungu waliokuwa mafunzoni, kati ya wale waliowahoji, walikubali angalau dai moja la uongo kuhusu miili ya watu weusi, kwa mfano kwamba ngozi yao ni nene zaidi. Na waliokubali madai hayo ndio walioyaona maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo na kupendekeza tiba isiyomfaa.

Kwa hiyo unaposema, usianze na moyo wa daktari, ambao huwezi kuuthibitisha. Anza na mgonjwa. Uliza palepale kitandani, kwa heshima: “Daktari, mgonjwa anasema maumivu yake ni 8 kati ya 10, tunaiacha dozi hii kwa sababu gani?” Swali hilo humdai sababu ya kitabibu, na asipokuwa nayo, wote waliosimama pale watatambua.

Kauli ikirudiwa, andika siku hiyohiyo maneno yenyewe, saa na waliokuwepo, bila kutaja jina la mgonjwa, kisha umwone msimamizi wa mafunzo ukiwa na mwenzako aliyesikia, kwa maana mwanafunzi akienda peke yake ni rahisi kuambiwa kwamba alisikia vibaya. Sikufichi kwamba anayekupa alama anaweza kukuchukia, na hofu hiyo si ya kitoto. Lakini wanaokushauri usubiri hadi ufuzu sikubaliani nao hata kidogo, kwani niliwaona waliosubiri, na walipofuzu walikuwa wamekwisha kuzoea.

Mgonjwa yule, kama bado amelazwa, mrudie kesho asubuhi. Muulize maumivu yake yakoje, yaandike kwenye faili lake, na umjulishe muuguzi wa zamu.

Mama yako