Bandari ya Dar: maswali yenu ya wiki hii

*Malori ya Zambia na Kongo yanajaza Barabara ya Mandela. Sisi tunafaidika nini? (Msomaji, Buguruni)*

Foleni inakera, nakubali. Lakini ukiona semi imebeba mabamba mekundu yaliyofungwa mikanda ya chuma, nayo inaonekana nusu tupu, hiyo ni shaba: uzito umetimia kabla nafasi haijajaa. Njiani hadi Tunduma, mpakani na Zambia, lori hilo limelisha fundi wa matairi, kituo cha mafuta na mama ntilie. Na mzigo huo haujafungwa kamba hapa. Tukiuchelewesha, unahamia bandari za Beira au Durban.

*Magati yamechimbwa hadi mita 14.5 ya nini?*

Meli ikijaa huzama zaidi. Kina kikiwa kifupi, meli kubwa haiji, au inakuja nusu mzigo na nauli ya kila kontena inapanda. Yaliyochimbwa ni magati namba 1 hadi 7.

*Shikamoo. Nimedaiwa tozo mara mbili kwa kontena lile lile. Nimeibiwa?*

Marahaba. Si lazima. Tozo ya kwanza ni ya uwanja: siku za bure zikiisha, unalipia kontena kukaa. Ya pili ni ya kampuni ya meli, mwenye kontena, na hiyo inaendelea hata mzigo ukishafika dukani kwako, mpaka kontena tupu lirudi. Mwaka wangu wa kwanza wa uwakala nilisahau kontena tupu nyuma ya ghala la mteja wiki mbili, kuku wakijilalia chini yake. Bili ilipokuja, nusu nililipa mimi. Dai risiti mbili, ulinganishe tarehe. Na hati ya shehena ikaguliwe kabla meli haijafika. Jina likikosewa herufi moja, siku zinahesabika huku wewe unahangaika kusahihisha.

*Kwani bandari imeuzwa?*

Hapana. Oktoba 2023 DP World, kampuni ya Dubai, walisaini kuendesha magati 4 hadi 7 kwa miaka 30. Ardhi haikuuzwa. Masharti yake tuendelee kuyabishania, ni haki yetu.

*SGR, reli mpya ya kisasa, itaondoa malori?*

Baadhi. Tangu 2025 treni inapeleka makontena bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, na lori linalopakia kule halina haja ya kuingia mjini. Ila reli hiyo haiendi Tunduma. Shaba bado inategemea barabara na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia ya mwaka 1976, kwa hiyo wa Buguruni avumilie kidogo.