Maswali ya kikapu: shuta wetu habanduki kwa mlinzi

Kijana wangu mazoezini anafunga vizuri, kwenye mechi hapati hata nafasi ya kuinua mikono. Nifanyeje? – Mwalimu wa michezo, Mafinga

Mwalimu, mkono wake hauna tatizo. Tatizo ni kwamba anausubiri mpira akiwa amesimama. Mwanzishe chini ya kikapu, kisha weka wenzake wawili wa kumsimamishia skrini, yaani wasimame imara kumzibia mlinzi njia, mmoja kila upande wa boksi, lile eneo lililochorwa mbele ya kikapu. Hapo mlinzi hajui atatokea wapi. Shuta, yaani huyo mfungaji wako, aende kushoto hatua mbili za polepole, halafu akate ghafla kulia, akipita karibu na mwenye skrini mpaka bega lake liguse nyonga ya mwenzake. Akiacha upenyo, mlinzi naye atapita hapohapo.

Kosa ninaloliona kila Jumamosi ni haraka: shuta anachomoka kabla mwenzake hajakanyaga vizuri. Naomba sana, mfundishe kusubiri. Kisha amsome mlinzi. Akimfuata nyuma, shuta azunguke kuelekea kikapuni. Akikatiza upande wa pili wa skrini, shuta arudi kona, ambako mstari wa pointi tatu uko mita 6.60 badala ya 6.75. Pasi itoke akiwa bado anakimbia, imkute magoti yamekunjwa na viganja viko wazi.

Kila nikiweka skrini refa anapiga filimbi. Ananionea? – Uyole, Mbeya

Sidhani, mdogo wangu. Miguu yote miwili iwe chini na utulie. Kiuno kikisogea kidogo tu, ni faulo yako, na zikifika tano unatoka. Mikono ikunje kifuani. Mlinzi aliyesimama asiyekuona, mwachie hatua moja. Anayekimbia, mwachie hatua moja hadi mbili.

Hatuna watu warefu. Skrini tutaziweza? – Njombe

Mtaziweza. Tena mwambieni shuta mwenyewe amwekee mwenzake skrini! Mlinzi wake anaogopa kumwacha, kwa hiyo hatoi msaada, na mwenzenu anakwenda kufunga peke yake. Walinzi wote wawili wakimkimbilia huyo, shuta anarudi nyuma hatua moja tu, na hapo yuko wazi kabisa. Binafsi huu ndio mchezo ninaoupenda kuliko yote.

Uwanja wetu ni saruji tupu, hauna mistari. – Dada wa Ipogolo, Iringa

Dada, tafuta kamba ya mita 6.75 na chaki. Mmoja ashike ncha chini ya katikati ya ringi, mwingine azunguke akichora. Pembeni chora mstari ulionyooka, sentimita 90 kutoka ukingo wa uwanja, ukutane na huo mviringo.