Kukata paa la kesi (kasha la kompyuta) ili rejeta ya kupoza kwa maji ikae
Umeuliza kama unaweza kukata paa bila kutoa mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Hapana ndugu, toa kila kitu! Chembe moja ya chuma ikinasa kati ya pini, shoti hiyo. Bandika utepe wa karatasi juu ya paa, uchore hapo. Matundu ya skrubu za feni ya milimita 120 huachana milimita 105, ila nafasi kati ya feni na feni ipime kwenye rejeta yako mwenyewe. Kingo zipige tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Bati kali hutoboa mpira wa maji. Kabla ya kuwasha kompyuta, endesha pampu ya maji peke yake saa 24, karatasi kavu chini ya kila kiungio, uone kama panavuja.