Goti linauma, nameza diklofenaki kila siku

SWALI: Dokta shikamoo, nina miaka 52, goti linavimba, nameza diklofenaki mwezi wa pili sasa, nikiacha tu maumivu yanarudi. Na presha ninayo. Kuna shida?

JIBU: Marahaba. Shida ipo, na hiyo presha ndo inanitisha zaidi. Diklofenaki, ibuprofeni na wenzake zinazuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu, ndo maana goti linatulia, ila kemikali hizohizo zinalinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike kwenye figo, sasa ukizizuia miezi miwili mfululizo unaweza kupata vidonda vya tumbo, figo zikaharibika, presha ikapanda na hatari ya mshtuko wa moyo ikaongezeka. Vioxx, dawa ya maumivu ya kundi hilihili, iliondolewa sokoni 2004 kwa sababu ya hatari hiyo ya moyo. Sisemi ni dawa mbaya, kwa siku chache zinasaidia kweli. Wiki hii nenda kapime presha na figo, na umuulize daktari kuhusu diklofenaki ya kupaka, maana inaingia kidogo sana kwenye damu. Ukiona choo cheusi kama lami, hospitali siku hiyohiyo, tafadhali usisubiri.